Watu saba ndani ya mita nne

Jumapili moja mwezi Machi tulikwenda kanisani watu sita kwenye gari la watu watano, na wa saba akapanda bodaboda. Mbele tulikaa mimi na mke wangu, amempakata mtoto wa miezi mitatu. Nyuma alikaa mama yangu mzazi, katikati ya wajukuu wawili, fimbo yake ameibana magotini. Dada anayetusaidia kulea ndiye aliyepanda pikipiki. Tulimkuta keshafika, kakaa benchi la pili, kapoa, anajipepea na karatasi ya matangazo.

Kazi ilikuwa kushuka. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa, nikaegesha palipobaki, mlango wa nyuma ukafunguka kiasi cha kupitisha mguu mmoja. Mama ana magoti mabovu. Alitoa mguu wa kushoto, akashika paa la gari, akatoa fimbo, fimbo ikagonga gari la jirani. Mwenye gari alikuwa amesimama pale pale na suti yake. "Shikamoo mama," alimwamkia kwa upole, lakini macho yake yalikuwa kwenye rangi ya mlango wake. Mke wangu hakusema kitu. Alisubiri mpaka usiku, watoto wamelala, ndipo akasema, "Baba, hili gari limetushinda."

Gari lenyewe ni Toyota IST, namba D. Msomaji wa Dar es Salaam sina haja ya kumweleza IST ni nini; asimame kwenye mataa ya Mwenge dakika tano ahesabu, atachoka kabla taa hazijabadilika. Ilitoka Japani mwaka 2002, ina urefu wa mita 3.86 hivi, injini za cc 1,300 na 1,500, na kwa lugha ya vijiweni inanusa mafuta, hainywi. Spea zake utazipata Gerezani na Kariakoo, na kila fundi chini ya mwembe anaijua kama anavyoijua mifuko yake. Kwa kijana mmoja, au bwana na bibi harusi, sijui gari la kuizidi kwa hela ile. Sisi ilitubeba miaka sita. Kosa si lake, ni letu sisi tuliozaana.

Habari zikafika kwa ndugu, na kila mtu akaja na gari lake mdomoni. Shemeji yangu, mtu wa kupenda mambo makubwa, alisema nisihangaike, nichukue Harrier. "Ukishuka pale watu wanajua kuna mtu kashuka." Nikamuuliza Harrier inabeba wangapi. Akafikiri. Watano. Injini yake ndogo kwenye zile zilizojaa mjini, kizazi kile cha pili, ni cc 2,400, na bado dada wa kazi angeendelea kupanda bodaboda, safari hii akiwa nyuma ya gari la heshima.

Kaka yangu wa Moshi yeye alitaka Noah. Hoja yake ilikuwa Desemba. Watu wa kwetu mtatuelewa: Desemba ikifika barabara ya kaskazini inajaa namba za Dar, na kurudi kila gari lina mikungu ya ndizi, debe la maharage na parachichi zilizofungwa kwenye sweta. "Utazibeba wapi kwenye kigari?" aliuliza. Swali zuri, na lilinisumbua wiki nzima, mpaka nilipochukua kalenda. Desemba ni wiki mbili. Kanisani ni mara hamsini na mbili kwa mwaka. Kliniki, shule, sokoni Mabibo na msibani Kibaha ni kila siku ya Mungu. Nikaona kwamba wengi wetu tunanunua gari la wiki mbili, kisha tunalilisha mafuta kwa wiki hamsini zinazobaki.

Tuseme gari moja kwenye foleni zetu linakwenda kilomita 12 kwa lita, lingine 8. Ukiendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, la kwanza litakunywa lita 83 na ushee, la pili 125. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ambayo EWURA inaitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, halafu zidisha kwa 12. Mimi nilipofanya hesabu hiyo nilipata nauli za basi kwenda Moshi kwa nyumba nzima, na chenji ya kutosha kumlipa mtu wa kusafirisha ndizi. Na tangu mwaka wa fedha 2017/18, ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na pengo lake kuzibwa kwa shilingi 40 kwenye kila lita, mwenye gari lenye kiu analipia barabara mara nyingi kuliko jirani yake.

Sasa nije kwenye jambo nililoligundua kwa futi ya fundi cherehani, na ambalo dalali hakuwahi kuniambia.

Japani wana daraja la magari madogo ya kawaida, ambalo wenyewe hulitambua kwa namba 5 kwenye kibao. Ili gari liingie daraja hilo lisizidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 na injini ya cc 2,000. Likizidi kipimo kimojawapo linahamia daraja la juu. Kwa hiyo wahandisi wao kwa miaka mingi wamekuwa wakichora magari yanayoishia milimita chache kabla ya mstari. IST ya kwanza ina upana wa milimita 1,695. Sienta ya kwanza, 1,695. Wish za kawaida, 1,695. Na Noah ya mwaka 2001, ile kubwa ya kaka yangu? 1,695.

Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu. Ukihama kutoka IST kwenda Noah umeongeza urefu, umeongeza kimo, umeongeza mafuta. Upana hujaongeza hata nywele moja. Siti ya nyuma iliyokushinda kupanga watoto watatu inakufuata na huko. Toa unene wa milango miwili na nafasi ya vioo kushukia, unabaki na mita 1.3 na kidogo. Viti vya watoto vya gari vingi vina upana wa sentimita 40 hadi 50 kimoja, na mikanda inahitaji mkono wa kuifunga. Vitatu kwenye mstari mmoja ni mtihani. Hivyo mwenye watoto wawili anayetarajia wa tatu asitafute gari pana zaidi katika jamii hii ya magari, maana halipo. Atafute mstari wa tatu wa siti, mlango usiohitaji nafasi, na umbali mzuri kati ya mguu wa mbele na mguu wa nyuma wa gari, kwa sababu huo ndio unaoamua kama kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kitaingia bila abiria wa mbele kula dashibodi. Kwenye IST umbali huo ni mita 2.37. Kwenye Sienta ni 2.7.

Kuhusu viti vya watoto, sijawahi kusimamishwa na trafiki akaniuliza mwanangu amefungwaje, na nadhani nawe hujawahi. Ndiyo maana sisi sote tunampakata mtoto siti ya mbele, tunamwita malaika na kumweka mahali pabaya kuliko pote ndani ya gari. Mpira wa hewa unaofumuka kwenye dashibodi umetengenezwa kwa ajili ya kifua cha mtu mzima. Japani wanakotoka magari haya, mtoto wa chini ya miaka 6 analazimika kuwa kwenye kiti chake tangu Aprili 2000. Gari limetoka huko na mazoea hayo, likafika Dar likayaacha bandarini.

Jumamosi mbili nilizunguka yadi za barabara ya Bagamoyo na Kinondoni. Nilikwenda na futi, beseni la kuogea mtoto, na mama. Mama ndiye alikuwa kipimo chenyewe. Vijana wa yadi mara ya kwanza walidhani ninatania. "Bosi, mashine hii hapa, sikiliza mlio," ananiambia mmoja, boneti ameshaifungua. Namwambia funga kwanza, fungua mlango wa nyuma, mpishe bibi apande.

Gari la kwanza lilikuwa Honda Fit. Ninalipenda na nitalisifia kidogo hata kama sikulinunua: tangi la mafuta wameliweka chini ya siti za mbele, hivyo siti ya nyuma kitako chake kinainuka juu kama kiti cha sinema, na sakafu inabaki wazi toka chini hadi juu. Beseni liliingia limesimama. Pipa la maji lingeingia. Kwa familia ya watoto wawili yenye biashara ya mama ntilie au duka, hilo ndilo gari. Lakini ni watu watano tu, na mama alipopanda alisema kwa Kichaga neno moja ambalo sitalitafsiri.

La pili, Raum ya kizazi cha pili, iliyoanza mwaka 2003. Hapa mama alitabasamu. Milango ya nyuma inateleza kando kama ya kipanya, na upande wa kushoto hakuna nguzo katikati: ukifungua wa mbele na wa nyuma, ubavu mzima wa gari uko wazi kama baraza. Kwetu sisi tunaoendesha kushoto, huo ndio upande wa kushushia abiria. Mama alikaa kwanza, kisha akaingiza miguu, kama mtu anayekaa kitandani. Ningekuwa na mzee mmoja na watoto wawili, hadithi ingeishia hapo. Raum ni gari linalodharauliwa mjini kwa sababu ya sura, na dharau hiyo inashusha bei yake. Mwenye akili anachukua.

La tatu ndilo Sienta. Urefu mita 4.1, sentimita ishirini na tano tu zaidi ya IST, na ndani kuna siti saba: mbili, tatu, mbili. Milango ya nyuma inateleza pande zote. Siti za mstari wa tatu zinakunjwa na kupotelea chini ya mstari wa pili, unabaki na buti la kuweka gunia. Ila nisidanganye mtu: ukiwa umezifungua, buti linalobaki ni la mfuko wa mkate na mwavuli. Na mtu mzima mrefu akikaa huko nyuma, magoti yanagusa kidevu. Ni siti za watoto, au za dada yetu ambaye kwa bahati njema ni mfupi. Tumbo la gari nalo liko chini. Masika yakikata barabara ya mtaani utasikia likikwaruza, na itabidi ujifunze kupita pembeni ya shimo badala ya kulirukia kifua mbele.

Kuhusu milango kuna kisa ambacho Toyota wenyewe walikilipia. Mwisho wa mwaka 2008 walitoa gari dogo lingine la watu saba, Passo Sette, lililokusudiwa kuchukua nafasi ya Sienta. Injini cc 1,500, siti saba, urefu karibu sawa. Tofauti kubwa ilikuwa milango: ya kawaida, ya kufungukia nje. Wajapani wakaligomea. Sienta, iliyokuwa imesitishwa 2010, ikarudishwa kiwandani mwaka 2011, na Passo Sette ikaondoka mapema mwaka uliofuata. Akina mama wa Japani wenye mtoto mgongoni na mfuko mkononi kwenye maegesho membamba walikuwa wameshasema yale aliyoyasema mama yangu uwanjani pa kanisa.

Fundi wangu, niliyemchukua Jumamosi ya pili, hakuwa na muda na milango. Alilala chini ya kila gari, akainuka na vumbi mgongoni na maneno machache. Sheria yake ya kwanza: usinunue injini iliyoandikwa D4. Hapo ndipo Noah nyingi za miaka ile zinapoangukia. Sindano zake zinapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na hazivumilii mafuta machafu wala fundi wa kubahatisha. Chukua VVT-i ya kawaida. Ya pili: uliza gia boksi. IST ina otomatiki ya kawaida ya gia nne, mbuzi asiyechagua majani. Fit na Sienta nyingi za kuvutwa na magurudumu ya mbele zina CVT, ya mkanda wa chuma, na hiyo inataka oili yake maalumu, si ile ya kopo lolote linalouzwa kituo cha mafuta. "CVT haifi yenyewe," alisema. "Inauliwa." Aliendesha ile Sienta, ya rangi ya fedha, taratibu kutoka yadi hadi barabarani, akasimama, akaondoka tena, akasimama, mara kumi hivi, kichwa kakiinamisha kama anasikiliza redio ya mbali. Mtetemo wakati wa kuondoka ndiyo dalili. Haukuwepo. Alichokikuta ni bushi za mbele zimeisha na shokapu moja inavuja, akasema hizo ni hela za kupunguza bei, si za kukimbia.

Yeye pia ndiye aliyeniambia nitazame mpira wa hewa. Mamilioni ya magari ya Kijapani yaliitwa kiwandani kwa sababu ya vifyatuzi vya kampuni ya Takata, ambavyo baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, siku ya ajali vikapasuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu: nimekaa Dar maisha yangu yote, sihitaji ufafanuzi. Namba ya chesisi unaiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji, unaona kama gari lako lilishaitwa na kama lilishatengenezwa. Kazi ya dakika tatu, na katika yadi zote nilizopita hakuna muuzaji aliyenionyesha kwamba aliifanya.

Wengine watauliza kwa nini sikuagiza mwenyewe kutoka Japani. Nilitamani. Kule gari hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na gharama ya ukaguzi humfanya mwenye nalo aliuze likiwa bado zima; ndiyo asili ya neema yetu. Lakini huku kwetu kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa ambao kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5 na ukipita hapo ni 10. Juu yake umri: likipita miaka minane nyongeza inaanza, likipita kumi inauma zaidi. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, na thamani inayotumika ni ile waliyoikadiria wao, si ile iliyo kwenye risiti yako. Wakenya wamekata mzizi: gari lililozidi miaka minane haliingii. Sisi tunaliingiza kwa machozi. Nilikokotoa mara tatu, nikaamua kununua lililokwishalipiwa, namba E, mkononi mwa mtu mmoja tu. Ni uamuzi wa mfuko wangu. Mwenye mfuko mrefu aagize, na ahakikishe anaona karatasi ya mnada. Ikiwa na herufi R gari hilo liliwahi kugongwa likatengenezwa.

Hapa nikiri kosa la zamani. Gari letu la kwanza kabisa, kabla ya IST, tulilinunua kwa rangi. Lilikuwa jekundu, dogo, la aina wanayoiita beibi woka, na muuzaji alituambia limetembea kilomita 48,000. Pedali ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma kinaonekana. Sikuiangalia pedali, niliangalia dashibodi. Tangu hapo kila gari ninaloonyeshwa nachungulia kwanza miguuni pa dereva na ukingo wa siti yake, maana hivyo havirudishwi nyuma na mtu mwenye kompyuta ndogo. Sienta ya fedha pedali yake ilikuwa na mistari yote.

Tukaichukua, na shemeji akaja kuiona jioni ile ile. Akaizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama anakagua gwaride. "Ya kubebea maua?" aliuliza. Mke wangu akasukuma mlango kwa kidole kimoja, ukateleza, akamkaribisha akae mstari wa tatu. Alikataa.

Jumapili iliyofuata tulipakia uani. Mama mlangoni kushoto, miguu ameiingiza baadaye. Mchanga kwenye kiti chake nyuma yangu, anatazama nyuma, anamtazama kaka yake wa pili. Wa kwanza alikuwa ameshadai mstari wa tatu tangu Ijumaa na hakutaka mjadala. Dada akaingia naye. Mke wangu mbele, mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, hajui aiweke wapi. Tulipofika barabara kuu yule kijana wa bodaboda aliyezoea kumbeba dada alipunguza mwendo ubavuni mwetu, akapiga honi. Dada akamwambia kupitia kioo kwamba leo amepata usafiri. Kijana akainama kwenye usukani, akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka mchanga.

"Mmejaa," alisema, akavuta mafuta, akatupita.